Siku Walipouliza Kisogo Changu

Nyanya mimi nazinunua kwa vidole. Tangu nimeoa, bibi yangu akinituma soko ya Manika, naminya moja moja, na ile inayokubali kidole kidogo naiweka mu mfuko. Wamama wa soko wananigombeza.

"We tata, nyanya haiko mukate! Macho Mungu alikupatia ya nini?"

Nacheka, nalipa, naondoka. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba watu wote wanaminya, ila wenzangu wana vidole vyepesi kuliko vyangu.

Hapo nimeanza na uongo kidogo, na sikutaka. Nilijua. Sijui nilijua tangu lini, lakini nilijua kwamba kuna kitu wengine wanakiona na mimi nakikisia. Huku kwetu tunasema rouge na vert. Kitabu cha shule kinasema nyekundu na kijani. Nitaandika namna zote mbili, kwa sababu kwangu ni mamoja.

Kabla ya kuendesha kamyo nilichimba miaka mitatu na vijana wenzangu, kwa nyundo na chuma, bila kampani. Pale rangi ndiyo chakula. Jiwe lenye mukuba, yaani shaba, walisema, lina kijani kinachokupigia kelele. Mimi halikunipigia kelele hata siku moja. Niliona mawe ya rangi ya udongo, na kando yake mawe mengine ya rangi ya udongo. Nikawa nayapima kwa uzito mkononi, nakosea, mfuko wangu unarudishwa na mnunuzi mbele ya watu. Mwishowe wenzangu waliniweka kwenye kamba, kuvuta mifuko kutoka shimoni.

"Mikono yako iko muzuri," mmoja aliniambia, "lakini kuchagula, bwana, hata mbuzi inakupita."

Sikukasirika. Mbuzi anajua majani, ni kweli.

Ndiyo maana nilipenda kamyo. Nasema yale makamyo makubwa ya kutoa mawe chini ya shimo, ambayo dereva anayapanda kwa ngazi. Niliajiriwa na kampani moja ndogo iliyobeba mawe kwa ajili ya kampani kubwa. Miaka tisa nilikaa kwenye kile kiti. Mtu wa kiti kile, akishuka kwenye basi mtaani kwetu Kapata jioni, anasalimiwa mpaka mlango wake, na wazee waliofanya kazi na baba yangu wanamuita mtoto wetu. Wasichana wangu wawili walisomeshwa na kile kiti. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine, kwa sababu mambo yote nitakayoandika yalikuwa juu ya kiti: kukaa pale au kutolewa.

Mahali barabara ya makamyo inapokutana na barabara ya magari madogo palikuwa na nguzo yenye taa mbili. Ya juu ikiwaka, simama. Ya chini ikiwaka, pita. Rangi sikuihitaji. Juu, chini, basi. Kisha siku moja tulikuta wameing'oa ile nguzo, wameweka mpya yenye taa moja tu, kubwa, inayobadilika rangi yenyewe. Wenzangu waliisifu kwamba inaonekana hata mu vumbi. Ni kweli ilionekana. Mimi niliiona vizuri sana kwamba inawaka.

Ningeweza kusema. Ningemwendea shefu na kumwambia, taa hii siielewi. Sikusema. Nikajitafutia namna yangu: nikiwa nyuma ya kamyo nyingine, nafuata inachofanya. Nikiwa peke yangu, nasimama kila mara, hata kama ni vert, na nangoja mpaka mtu wa nyuma achoke anipigie honi. Honi ndiyo ilikuwa kijani yangu. Wenzangu wakanipa jina la Pasteur, yaani mchungaji, eti kwa sababu naendesha kama mtu anayepeleka sakramenti. Na mwisho wa mwaka shefu wa usalama alinivalisha kofia mbele ya équipe nzima, kofia ya dereva mwangalifu kuliko wote. Niliipokea. Nilipiga hata picha nayo.

Ajali ilitokea wakati wa kiangazi, saa nne za asubuhi, jua kali. Kamyo ya mbele ilipita, nikaifuata. Kutoka kulia ikaja pickup ya kampani, mbio. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Kamyo ya namna ile haisimami kama mtu anavyosimama. Iligonga pickup ubavuni, ikatoa kioo na mlango wa nyuma. Dereva wa pickup alitoka mzima, mkono kichwani. Kijana wa hapa hapa, labda miaka thelathini, mwenye utani mwingi. Siku ile hakuwa na utani.

Shefu wa usalama alituuliza mbele ya watu wote.

"Taa ilikuwa namna gani?"

"Kwangu ilikuwa vert!" kijana alisema. "Mi naapa, shefu. Vert kabisa!"

Shefu akanigeukia mimi. Nikasema, "Hata kwangu ilikuwa vert."

Mara nyingi nimejiuliza kama huo ulikuwa uongo. Uongo ni kusema kitu unachojua si kweli. Mimi sikujua. Nilisema nilichotumaini. Lakini yeye alikuwa amesema alichokiona, na watu wawili hawawezi kuwa na vert kwa wakati mmoja mahali pale. Shefu aliangalia kijana, akaangalia kofia yangu, akaandika. Kijana aliondolewa kwenye usukani, akapelekwa kufagia na kuosha sakafu ya gereji. Kila siku saa sita mchana, kwenye mstari wa chakula, alinipitia karibu sana na kuniambia polepole:

"Pasteur, Mungu iko nakuona."

"Aksanti," nilimjibu siku moja, kwa upumbavu. Akacheka mpaka sahani ikamwagika.

Baada ya ajali ile kampani ilitoa amri: madereva wote wapite kwa munganga, daktari wa hospitali, na macho yapimwe upya. Sikuogopa mara moja. Kile kitabu cha madoa nilikuwa nimekipita mara mbili tayari. Kila ukurasa una madoa mengi ya rangi, na katikati ya madoa, wanasema, kuna namba. Mimi sijawahi kuona namba hata moja isipokuwa ya kwanza, ambayo hata kipofu nusu anaiona. Lakini kati ya watu wanaotafuta kazi ya udereva huku kwetu kuna karatasi inayotembea. Mtu anampa ndugu, ndugu anampa shemeji. Imeandikwa namba kwa mpango wa kurasa: kumi na mbili, nane, ishirini na tisa, tano, tatu. Niliishika kichwani kama watoto wanavyoshika katekisimu. Infirmier wa zamani, muuguzi wa kampani, alikuwa anageuza haraka haraka, nami nikijibu haraka haraka, na wote wawili tunaenda kula.

Safari hii hakuwa infirmier. Alikuwa munganga mwanamke kutoka Lubumbashi, mama mnene kidogo, mpole, anayegeuza ukurasa kwa kulamba kidole.

"Unaona ngapi, tata?"

"Kumi na mbili."

"Na hapa?"

"Nane."

"Na hapa?"

"Ishirini na tisa," nilisema, bila hata kukaza macho.

Aliacha kugeuza. Akakiangalia kitabu, akaniangalia mimi. Kisha akatenganisha kurasa mbili zilizokuwa zimeshikana kwa jasho.

"Ishirini na tisa iko hapa, tata. Ku ukurasa wenye niliruka. Yenye ulikuwa unaangalia ni tano."

Yeye alianza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Balikuuzishia karatasi ao balikupatia bure?"

"Bure, mama."

"Afazali." Alifunga kitabu. "Sasa nitafanya nini na weye? Nikikuuliza, unajibu muzuri kupita macho yako. Unaweza kunidanganya na mudomo. Nitauliza kisogo yako."

Nilidhani ananitisha. Lakini alinieleza vizuri, na nitaandika nilivyoelewa. Kama nimeelewa vibaya kosa ni langu. Alisema jicho ni mlango tu, na anayeona kweli ni ubongo, sehemu yake ya nyuma kabisa, kwenye kisogo. Rangi ikibadilika mbele ya mtu, ubongo unatoa umeme mdogo sana, mdogo kuliko ule wa betri ya saa, na unautoa kabla mtu mwenyewe hajapata nafasi ya kufikiri atasema nini. Kuna mashine inayousikiliza umeme huo kwa nyaya. Kama ubongo haukuona tofauti ya rangi, hautoi kitu, na hakuna karatasi ya kuufundisha. Mashine alikuwa ameiazima kule alikosomea, kwenye sanduku, na angeifungua juma linalofuata kwa ajili yangu na wengine wawili aliowatilia mashaka.

Angeweza kuniandika siku ile ile kwamba nimeanguka na nimedanganya juu yake. Hakuandika. Nalisema kwa sababu baadaye nilimchukia, na si haki kuandika chuki peke yake.

Mu basi ya kurudi Kapata habari ilikuwa imenitangulia.

"Pasteur, basema batakufunga waya za courant mu kichwa?"

"Itaona mawazo yako yote, we! Itaona na ule mama wa pa Manika!"

"Mama gani?"

"Eeh! Muliona? Hajafungwa bado, lakini ameanza kutoka jasho!"

Basi zima likacheka. Jioni bibi yangu hakucheka. Alitaka kwanza kujua juu ya mama wa Manika, ambaye hayuko, na nilipomtoa hofu hiyo akaingiwa na nyingine.

"Kama wanakutoa ku kamyo, tata, tutakuwa watu gani?"

"Watu wale wale."

"Hapana. Sitaki unijibu kama kitabu. Siku ya ile mashine, kwanza tunaenda kuombewa."

Tulienda asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa ya kazi. Kanisa letu liko Manika, ndogo, paa la bati. Mchungaji alinipigisha magoti, akafungua chupa ya mafuta ya zeituni, akanimwagia kichwani si kidogo. Akaomba kwamba ubongo wangu upate kuona yale ambayo macho yamekataa. Wamama walijibu amina kwa nguvu. Nami nilijibu. Mafuta yalishuka mpaka mu kola ya shati. Sijui kama niliamini. Nilijua tu kwamba sina kitu kingine cha kufanya.

Munganga aliponigusa kisogo ili aweke waya, kidole chake kiliteleza.

"Tata! Ulipakala nini?"

"Mafuta ya maombi, mama."

Aliangalia dari. Infirmier aliyekuwa anamsaidia aligeukia ukuta, mabega yanacheza kwa kicheko. Munganga alinisugua kwa pamba na alkoli, wakaweka nyaya tatu kwa dawa nyeupe kama ya meno: moja kwenye kisogo, moja kwenye paji la uso, moja kwenye sikio. Kisha, baada ya kupangishwa mezani vifuniko vidogo vya rangi kwa kufuatana, nikakalishwa mbele ya televisheni ndogo.

"Utaangalia paka hii point ya kati, hiyo tu. Usiseme kitu, usikaze shingo."

Kwanza ilikuja picha ya miraba myeupe na myeusi kama ubao wa dama, nyeupe inageuka nyeusi, nyeusi inageuka nyeupe, tena na tena. Hiyo niliiona vizuri. Kisha akasema tunaanza ya rangi, rouge na vert. Kwa pembeni niliona kompyuta yake, na kwenye kompyuta mstari ulikuwa unaruka. Unapanda, unashuka, unapanda tena, milima juu ya milima.

"Inapanda!" nilisema. "Mama, inapanda!"

Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya kofia. Nilifikiri: basi ubongo wangu ulikuwa unaona wakati wote, ni mimi tu sikuambiwa. Machozi yalinijia. Munganga aliniacha sekunde chache, na leo najua aliniacha kwa huruma.

"Inapanda, ni kweli," alisema. "Lakini ilianza kupanda kabla sijafungula picha. Ni mafuta, tata. Waya hazishike muzuri. Mashine iko inasikia mafuta na mushipa ya shingo."

Infirmier aliniosha kichwa kwenye beseni, kwa sabuni ya kufulia, mara mbili, kama mtoto mchanga. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Maji yenye mafuta ya kanisa yalimwagwa nje kwenye changarawe.

Tukarudia. Miraba myeupe na myeusi: mstari ulipanda kilima kimoja kizuri, mahali pale pale, kila mara. Kisha rangi. Niliangalia point ya kati. Nikangoja. Mbele yangu palikuwa na ukuta mmoja wa rangi ya matope, umetulia.

"Mama, bado haijaanza?"

"Imeanza zamani, tata."

Kisha akarudia mara ya tatu, akabadilisha hata waya ya kisogo akidhani labda imekufa. Haikufa. Alinionyesha bluu na manjano, na kilima kikapanda, hafifu lakini kikapanda. Akarudi kwenye rouge na vert, mstari ukalala kama barabara. Alinieleza kwamba rangi zile mbili zimesawazishwa mwanga, moja isiizidi nyingine kwa kung'aa, ili mtu asishike kwa ujanja wa giza na mwangaza. Ujanja ule ndio niliishi nao maisha yangu yote.

"Mashine hii peke yake haitoshe kuhukumu mutu," alisema. "Kuko watu wenye shingo ngumu, wenye kusinzia. Lakini na kitabu, na namna ulipanga ile vifuniko vya rangi, yote inasema kitu kimoja. Kisogo yako haijue rouge na vert. Ulizaliwa vile. Ilitoka ku mama yako."

"Mama yangu aliona vizuri."

"Ye aliona. Alibeba tu. Na batoto yako banamuke, bao pia banabeba, hata kama baona muzuri."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimekuja na kiti changu peke yake, na sasa aliwaingiza mama aliyekufa na wasichana wangu. Nilimwambia bibi yangu usiku ule ule, na alichosema kwanza kilikuwa: "Usiseme mbele ya batu. Hakuna mutu atabaoa." Alichosema cha pili kilikuwa kwamba wamenifanyia hivi kwa sababu sisi ni watu wa Kasai, tusiohesabiwa kuwa wa hapa. Nilimkatalia. Wengine wawili waliopimwa nami, mmoja alikuwa mtu wa hapa, Lunda kabisa, naye alianguka. Mwingine Mkasai, akapita. Bibi yangu alisema mimi nitatetea hata nyoka aliyeniuma. Labda.

Munganga aliandika karatasi kwa shefu. Aliniruhusu kuisoma. Alisema sifai kuendesha mahali penye ishara za rangi, lakini aliongeza kwa mkono wake kwamba kama wangerudisha taa mbili, ya juu na ya chini, hatari ingepungua. Shefu wa usalama aliisoma akatikisa kichwa. "Na bendera rouge ya baruti? Na taa za ndani ya kamyo, za moto na mafuta? Nitabadilisha bitu yote juu ya mutu mumoja?" Nilitaka kumchukia, lakini bendera ya baruti, ile inayopandishwa kabla ya kulipua mawe, nilikuwa nimeisahau. Miaka tisa nilikuwa naangalia kama watu wanakimbia, si rangi ya bendera.

Aliyekuja kunipigania alikuwa délégué, mwakilishi wa wafanyakazi, mtu wa maneno, anayetembea na sheria za kazi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Usisaini kitu, vieux. Mashine ya kichwa haiko mu contrat yako. Na dossier yako iko safi! Miaka tisa, ajali moja tu, na ile ilikuwa kosa ya ule kijana wa pickup. Iko imeandikwa. Na hiyo karatasi tunabashinda."

"Tunabashinda kweli?"

"Asilimia mia! Wee lala tu, mi nitasema."

Sikulala. Si kwa ajili ya furaha. Neno lake lilikuwa limeniingia vibaya: dossier yangu, faili yangu ya kazi, ni safi kwa sababu ya kijana. Mara ya kwanza nilisema vert kwa kutojua. Sasa kisogo changu kilikuwa kimejibu, na kama ningekaa kimya délégué aiseme tena ile vert mbele ya wakubwa, huo ungekuwa uongo wenyewe, uliokomaa. Kwa siku nne nilizunguka na jambo hili. Nilijiambia kijana hana mtoto wa kusomesha. Nilijiambia kufagia gereji si kufa. Siandiki haya ili nionekane mtu mwema. Siku nne ni nyingi.

Siku ya tano niliingia ofisini kwa shefu wa usalama.

"Ile siku ya pickup," nilisema, "taa sikuijua. Nilifuata kamyo ya mbele. Kijana alisema kweli."

Shefu aliweka kalamu chini.

"Juu ya nini unasema leo, na haukusema ile siku?"

"Sababu leo njo najua."

"Hapana. Ulijua na ile siku kwamba haujue."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliniomba nirudishe ile kofia, nami niliirudisha kesho yake ndani ya mfuko. Délégué aliposikia alipiga mikono. "Umejifunga kamba mwenyewe, vieux! Sasa mi nipiganie nini? Nipiganie marehemu?" Na bibi yangu hakusema neno kwa siku tatu, akipakua chakula na kukiweka mbele yangu kwa adabu zote, jambo ambalo ni baya kuliko matusi.

Nilipewa kazi mu gereji ya pneu, kusukuma matairi na kufungua bolti. Sikufukuzwa, lazima niliseme hilo. Kijana alirudishiwa jina lake, na kwa kuwa alikuwa na permis ya magari mazito na alikuwa ameonewa, alipewa kiti. Kiti changu. Na kwa kuwa ni mimi niliyeijua kamyo ile kuliko mtu yeyote, nilipangwa kukaa naye siku tatu, nimfundishe, kisha nisaini karatasi kwamba anafaa.

Siku ya kwanza alipanda ngazi mbele yangu.

"Pasteur," alisema, "sasa Mungu iko naniona na mi."

Aksanti hakusema, siku ile wala nyingine. Nilikuwa nimeingoja, naona haya kuandika hivyo. Kwa nini aseme? Nilimrudishia kitu chake mwenyewe, na nilichelewa.

Nilimfundisha yote. Nilimfundisha kusikiliza breki za injini kwenye mteremko, kupanga benne, lile sanduku la nyuma la mawe, chini ya mkono wa mashine ya kupakia, kutomwamini mtu yeyote anayetembea kwa miguu. Alijifunza haraka. Siku ya pili, kamyo ikiwa tupu, alikata kona ya chini kwa mwendo mkubwa, nikamwambia asimame.

"Rudia."

"Nilikosa nini?"

"Mbio."

Alirudia. Bado nikaona mbio. Akarudia mara ya tatu, kimya, shingo imemvimba kwa hasira. Baada ya mara ya nne nilijiuliza kama ni kona inayonisumbua au ni mikono yake kwenye usukani wangu, na sikupata jibu, kwa hiyo nikamwambia tuendelee.

Siku ya tatu nilitoa karatasi. Ilikuwa na mistari mingi ya kuweka alama: breki, kupakia, kurudi nyuma. Mmoja uliuliza kama anasoma taa na bendera zote sawasawa. Tulikuwa tumesimama pale penye nguzo. Ilikuwa inawaka, kama kawaida yake.

"Ni nini?" nilimuuliza.

"Rouge."

Tukangoja. "Na sasa?"

"Vert." Aliniangalia. "Utajua namna gani kama nadanganya?"

"Sitajua."

Hakucheka. Alipita, polepole kuliko nilivyomfundisha. Nikaweka alama kwenye mstari ule, na chini kabisa nikaandika kwa herufi kubwa, ili asiye na miwani aisome: ANAFAA. Nikasaini. Alipofika mwisho wa barabara alisimamisha kamyo nishuke, kwa sababu basi la watu wa gereji lilikuwa linanisubiri upande wa mgodi wa Mashamba. Nilikuwa tayari kwenye ngazi, mguu mmoja hewani, aliponiita.

"Pasteur, hii kiti inasogeaka? Miguu yangu ni mifupi."

"Inasogea. Kuko chuma chini, upande wa kushoto. Vuta."

Akavuta. Miaka tisa kiti kilikuwa kimekaa kwa urefu wa miguu yangu, kikashikwa na kutu kidogo, na ilimbidi avute mara mbili.